MREJESHO: Fundi aliyekatwa kidole kazini, mwajiri anadai "ulizembea"

Niliuliza kama fundi seremala aliyekatwa kidole na msumeno wa kiwandani ananyimwa fidia kwa kuwa alizembea. Jibu nililopata: uzembe wa kawaida haufuti haki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hapa Tanzania huangalia kama ajali imetokana na kazi. Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kutoa taarifa. Ikipita miezi 12 tangu ajali bila mwajiri wala WCF kujulishwa, haki inapotea.

Akiwa hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo; ukizidi, pensheni. Tunzeni salari slipu, hesabu huanzia hapo. Na mchango wa WCF ni wa mwajiri peke yake, akikukata, anakuibia.