Moshi wa uani Walukuba: tuanzie wapi sisi familia 12?

Mkazi wa Walukuba (Jinja) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Naandika kutoka Walukuba, hapa Jinja, Uganda, katika safu ya nyumba ambamo familia 12 tunatumia ua mmoja na bomba moja la maji. Kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni sigiri, yaani majiko ya mkaa, hutolewa nje, vipande vya kavera (mifuko ya plastiki) huwekwa chini ya mkaa ili moto ushike upesi, na kwa muda wa nusu saa hivi moshi mweusi hutanda chini ya mabati bila kupata pa kutokea. Usiku, wenzetu wa Masese wanapobanika samaki kwa kuni na upepo ukageuka, moshi wao hutufikia vitandani. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 4 na amekohoa karibu msimu mzima wa mvua. Nilipompeleka kituo cha afya, muuguzi aliniuliza kwanza, kabla hata ya kumgusa mtoto, tunapikia nini na tunapikia wapi.

Kinachoniuma ni kwamba tunaishi karibu na bwawa la umeme la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo Mto Nile umeongezewa mabwawa ya Kiira, Bujagali, Isimba na sasa Karuma yenye megawati 600. Nyaya zinapita juu ya mapaa yetu, lakini hakuna nyumba hata moja katika safu hii inayopikia umeme.

Tumekutana mara mbili mbele ya mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, na tumekubaliana kila nyumba ichange shilingi 5,000 kwa wiki. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu wengine wanataka tununue mashine ya kutengenezea mkaa mbadala, wengine wanataka masufuria ya umeme, na wengine wanaona kwamba hata tukibadilika sisi, Masese haitabadilika. Naomba ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii.

Mama Maganda (Bwaise, Kampala) anajibu:

Dada yangu, pole sana kwa mtoto. Kikundi chetu cha wanawake 18 kimekuwa kikitengeneza mkaa mbadala kwa maganda ya matoke kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo mikono yangu imeyagusa. Maganda huanikwa mpaka yakikunjwa yavunjike kwa sauti, kisha huunguzwa ndani ya pipa lililofunikwa, hewa ikiwa kidogo, ili yageuke makaa badala ya majivu. Baada ya hapo husagwa, huchanganywa na uji mzito wa unga wa mihogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa tena kwa siku 3 au 4 za jua. Uji ukizidi, kipande hutoa moshi kinapowashwa. Udongo ukizidi, sigiri hujaa majivu, na mpishi atarudi kwa muuza mkaa bila kukuaga. Kipande kizuri ukikigonga kwa kingine hulia kama kigae. Ninyi wa Jinja mna bahati ya makapi ya miwa na molasi kutoka mashamba ya upande wa Kakira, na molasi hushika vizuri kama uji wetu, ingawa nayo ikizidi moshi hurudi.

Kosa letu kubwa nalikiri hapa ili msilirudie. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukiunguza maganda jioni, katikati ya makazi, na moshi wa mapipa yetu ulikuwa mzito kuliko wa sigiri zote za mtaa. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa pumu alikuja akatuuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kama hiyo hewa safi tunayoitangaza ni ya wateja peke yao. Tulihamisha mapipa hadi kiwanja kilicho mbali na nyumba, tukaweka bomba linalorudisha moshi kwenye moto wa chini ili uungue huko huko, na ndipo tukawa na uso wa kuwaambia majirani habari za hewa. Kama hamna kiwanja cha namna hiyo, msinunue mashine. Nunueni mkaa mbadala kutoka kwa kikundi kilicho nacho. Na tafadhali kumbukeni kwamba mkaa mbadala nao ni mkaa: hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo sigiri isilale ndani na watu hata mvua inyeshe namna gani.

Jambo lisilohitaji mchango wowote ni kavera. Katazeni kuwashia moto plastiki kuanzia leo, na kila nyumba iweke vijiti vikavu mahali pasiponyesha. Jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala, lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, taka zilianza kukaa muda mrefu mtaani kwetu kabla ya kuchukuliwa, watu wakazichoma usiku, na watoto wakarudi kukohoa hata katika nyumba zilizokuwa zimeacha mkaa. Ilitubidi tupange zamu za kutenga taka, maganda kwetu na plastiki kwa wanaozinunua kwa uzito, kabla hatujaendelea na kitu kingine chochote.

Fundi wa Mafubira (Jinja) anajibu:

Ndugu, kabla hamjachagua sufuria, nielezeni: je, familia hizo 12 zina mita ngapi za Yaka, zile za umeme wa kulipia kabla? Swali hili linaamua kila kitu, kwa sababu bei ya umeme wa nyumbani hapa Uganda imepangwa kwa ngazi. Uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei ya chini sana, zinazofuata hadi 80 hulipiwa bei ya kawaida, na kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 kuna bei nafuu iliyowekwa makusudi kwa ajili ya kupikia, kisha ikipita 150 bei hupanda tena. Ngazi hizo huhesabiwa kwa mita, si kwa familia. Nimeona nyumba nne zikitumia mita moja: uniti za bei nafuu humalizwa na wote kwa pamoja mapema mwezini, na wanayemlaumu ni anayepikia umeme, ilhali tatizo ni mita waliyoichangia. Kwa maoni yangu, mchango wenu wa kwanza uwe wa kila familia kupata mita yake, hata kama itachukua muda.

Pili ni nyaya. Sufuria la umeme la kupikia kwa shinikizo la mvuke hutumia takribani wati 1,000, na maharagwe hupikika kwa chini ya uniti moja. Lakini nyumba nyingi za Walukuba ni za enzi za viwanda vya kikoloni, na nimefungua soketi huko nikakuta waya mwembamba wa taa, wa milimita za mraba 1.5, ambao ganda lake limekauka na kukatika kama karatasi. Soketi ya kupikia inataka waya wa milimita za mraba 2.5, waya wa ardhi, na breka yake. Msipikie kwenye ekstensheni ya sokoni. Mkikusanya shilingi 60,000 kwa wiki, basi kila wiki nne mna 240,000, na mnaweza kuzirekebisha nyumba moja moja kwa zamu, kama upatu unavyozunguka.

Mbanikaji wa Masese anajibu:

Mimi ni mmoja wa hao ambao moshi wao unawafikia vitandani, na naomba nisikike. Hakuna anayekaa karibu na huo moshi kuliko sisi; macho yangu yanawasha tangu nianze kazi hii, na wajukuu zangu hulala karibu na tanuri kuliko mtoto wako, dada. Tunabanika kwa pipa lililokatwa, ambalo nusu ya joto lake hupotea pembeni, kwa hiyo kuni huisha na moshi hubaki. Mwenzetu mmoja alijengewa tanuri la Chorkor, lile lililoanzia Ghana, ambapo trei za samaki hupangwa moja juu ya nyingine na zenyewe ndizo zinazofanya ukuta wa kuzuia joto. Anatumia kuni chache kuliko mimi kwa samaki wale wale. Gharama ni matofali, udongo na trei za mbao zenye wavu, lakini hakuna mmoja wetu anayeweza kuacha kazi wiki nzima ili ajenge. Mkija kutusaidia kujenga, nasi tutaongea kuhusu saa za kubanika. Mkija kutushtaki kwa LC1, hatutaongea.

Mwalimu wa Gulu anajibu:

Naongeza kidogo tu kutoka kaskazini. Mkaa mnaowasha Jinja mara nyingi ulikuwa mti wa shea au wa beyo huku kwetu, na ndiyo maana Amri ya Rais namba 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa kibiashara katika eneo hili. Bado malori yanapita usiku. Katika tanuru la udongo, magogo ya kilo 100 hutoa mkaa wa kilo kati ya 10 na 20 tu, kwa hiyo kila gunia mnaloliacha lina maana kubwa kwetu kuliko mnavyodhani.

Kuhusu kupima: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza hapa hapa nchini vifaa vya kupima chembechembe laini za hewani, na takwimu zake huonekana bure kwenye simu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Kifaa cha mjini hakitawaonyesha ua wenu, lakini mkiandika kila siku kwenye daftari nani amewasha nini na saa ngapi, mtakuwa na cha kukilinganisha.

Mkazi wa Walukuba anajibu:

Nimewasomea wenzangu majibu yote jioni hii, tukiwa tumeketi uani. Tumehesabu: mita ni 3 kwa familia 12, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Kavera imekatazwa kuanzia kesho. Mama wa Masese, Jumamosi tutakuja watu 6 kushika udongo, na nitaleta chai; tafadhali tuelekeze tukifika mwaloni tumuulizie nani. Fundi, tunaomba uje uzikague soketi kabla hatujanunua chochote.