Aksesi pointi za kampuni mbili, kontrola moja: naomba ushauri (hosteli, Kihesa)

Msimamizi_Kihesa:
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia waifai ya hosteli ya wanafunzi hapa Kihesa, Iringa, jengo la ghorofa tatu. Nilifunga aksesi pointi (vifaa vya kurusha waifai) nne za UniFi, kontrola (programu ya kuziendesha zote) iko kwenye kompyuta ya ofisini. Mwanafunzi ananunua vocha, anaweka namba kwenye ukurasa, anaendelea.

Mwezi uliopita mwenye nyumba kaleta tatu za TP-Link, dukani kaambiwa zinakubali kontrola yoyote. Kontrola yangu haizioni kabisa. Nikaziwasha hivyo hivyo kwa jina lilelile la waifai, sasa ghorofa ya juu wanaingia bila vocha. Jana saa nne usiku nimewakuta vijana zaidi ya kumi wamejifunika mablanketi kwenye ngazi, na baridi hii ya Juni, kwa sababu pale ndipo inashika bure. Hela ya kulipia intaneti inatoka kwenye hizo vocha. Nizitie vipi kwenye kontrola?

Mnyalu wa Ipogolo:
Kamwene mkuu. Usihangaike, haziingii. Kontrola ya UniFi inapokea za UniFi tu, na Omada, kontrola ya TP-Link, inapokea za kwao. IETF, wale wanaopanga viwango vya intaneti, walitoa utaratibu wa pamoja wa kontrola kuendesha aksesi pointi, CAPWAP, mwaka 2009, lakini kuzikuta kampuni mbili zinaelewana kwa huo ni nadra sana.

FundiNyaya:
Mkuu, shida yako ni nani anakagua vocha. Sasa hivi zinakagua UniFi zenyewe, kwa hiyo anayepitia TP-Link hakutani na mkaguzi. Rauta yako ni ipi?

Msimamizi_Kihesa:
MikroTik. Inagawa IP (anwani za vifaa kwenye mtandao) tu.

FundiNyaya:
Basi umeshamaliza nusu ya kazi. Washa hotispoti (ukurasa wa kuomba vocha) kwenye hiyo MikroTik, vocha zitengenezwe na User Manager, programu yake ya kusimamia watumiaji. Wote watapita hapo kabla ya kutoka nje. Ukurasa wa vocha wa UniFi uzime, la sivyo wataulizwa mara mbili. TP-Link zima DHCP (kugawa IP, hiyo kazi aachiwe MikroTik), na washa kipengele cha kuzuia simu zisionane, wanafunzi wanastahili usalama huo. Chaneli zake (njia za mawimbi) panga kwa mkono, kwenye mawimbi ya 2.4 GHz tumia 1, 6 na 11, aksesi pointi zilizo karibu zisifanane.

Dada wa Mafinga:
Kaka, ukihamisha nyaya soma kwanza kibandiko cha injekta (kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye aksesi pointi kupitia waya wa mtandao). Baadhi ya UniFi za zamani zinakula 24V, nyingi za sasa 48V. Ukichanganya unaweza kuunguza kifaa.

Msimamizi_Kihesa:
Asante dada, ninazo za aina zote mbili, nitaziwekea alama. Na vocha nilizokwisha kuuza?

FundiNyaya:
Hazihami zenyewe. Zisajili upya kwenye User Manager kwa namba zilezile na muda uliobaki, mtoto wa watu asipoteze hela yake.

Msimamizi_Kihesa:
Mrejesho: nimemaliza saa nane usiku. Nimepanda hadi juu na simu yangu, ukurasa wa vocha umefunguka palepale kwenye ngazi. Vocha 19 za zamani nimezisajili moja moja. Zimebaki chaneli, kesho narudi na ngazi ya mbao.