Naombeni ushauri: mamangu ameambiwa ana dematomayositisi (ugonjwa wa misuli na ngozi)
Wadau, mamangu anauza mboga huku Kayole, miguu ilianza kumuishia nguvu pole pole, hata hakukuwa na maumivu sana, ni kushindwa tu, kupanda matatu mpaka konda amshike mkono, na kujichana nywele hawezi juu mikono haikai juu. Kliniki ya mtaani walisema ni baridi yabisi, alafu kope zikageuka zambarau na vipele vikatoka juu ya vifundo vya vidole, wakasema ni aleji ya sabuni (sabuni jamani!). Daktari wa ngozi ndiye aliunganisha hayo mambo akaagiza kipimo cha damu cha CK (huonyesha kama misuli inaumia), ikarudi iko juu sana.

Sasa anameza prednisoloni (steroidi) kila siku na methotreksati (ya kutuliza kinga ya mwili) mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi. Nguvu inarudi kidogo lakini uso umevimba, sukari imepanda, na anataka kuziacha, na vile najua steroidi haziachwi ghafla nimebaki kubishana naye tu. Wanataka pia kumtoa kipande cha msuli wapime (biopsi), na CT (picha ya ndani ya mwili), kwa sababu kwa watu wazima huu ugonjwa wakati mwingine huja na kansa. Yeye anaogopa kisu, mimi naogopa bili.

Kuna mtu hapa Nairobi amefanyiwa hiyo biopsi, kidonda kilipona haraka? Na SHA (bima ya afya ya serikali) ililipa ngapi kwa CT? Alafu tangu juzi chakula kinamkwama akimeza, ningoje kliniki ama nimkimbize leo?