Mjadala: Je, ni haki fedha za umma kugharimia vipindi vya sayansi vya wasichana?

Wanaopinga husema kwamba sayansi haina jinsia, kwamba kipindi kizuri kinamfaa mtoto yeyote, na kwamba kumtengea msichana kipindi chake ni kumwambia kwa mafumbo kuwa hawezi kushindana na wenzake. Naiheshimu hoja hiyo, ila inachukulia kwamba vyombo vya habari tulivyo navyo tayari vinawatendea watoto wote sawa, jambo ambalo ushahidi hauliungi mkono.

Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha matokeo ya zoezi ambalo watoto 4,807 walitakiwa kumchora mwanasayansi. Michoro 28 tu ndiyo iliyoonyesha wanawake, na yote ilichorwa na wasichana. Uchambuzi wa tafiti za aina hiyo zilizofanywa Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika michoro ya miongo ya karibuni wanawake wamefika takriban asilimia 28. Hayo ni maendeleo, lakini lililonishtua ni jingine: wasichana wadogo huwachora zaidi wanasayansi wanawake, na kadiri wanavyokaribia ujana ndivyo wanavyozidi kuwachora wanaume. Maana yake ni kwamba picha hiyo hujengeka kidogo kidogo, darasani, nyumbani na kwenye skrini, na kinachojengwa na skrini kwa sehemu yake kinaweza kurekebishwa na skrini hiyo hiyo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaounga mkono kila kitu chenye jina la msichana. Mwezi Juni 2012 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilitoa video fupi ya kuwavutia wasichana kwenye sayansi. Ndani yake wasichana watatu wenye viatu vya visigino virefu wanatembea kwa madaha, mwanamume aliyevaa koti la maabara anainua macho kutoka kwenye hadubini kuwatazama, na rangi ya mdomo imechukua nafasi ya herufi "i" katika neno la Kiingereza "science", yaani sayansi. Wanasayansi wanawake walikuwa miongoni mwa waliolalamika, na video hiyo ikaondolewa. (Inashangaza kwamba katika video ya kuwaita wasichana maabara, wa kwanza kuonekana kazini ni mwanamume.) Mwaka huohuo wanasaikolojia Diana Betz na Denise Sekaquaptewa walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mifano ya wanawake wa sayansi iliyosisitiza urembo iliwapunguzia wanafunzi wasichana hamu ya hisabati, hasa wale ambao tayari hawakuyapenda masomo ya hisabati na sayansi, kwa sababu waliona kuwa mrembo na bingwa kwa pamoja ni jambo wasiloweza kulifikia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba fedha zitolewe, lakini zipimwe kwa kuangalia kamera inakaa wapi. Kipindi cha SciGirls, kilichoanza kuonyeshwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, mwaka 2010, kinawafuata wasichana wakiwa na mshauri mwanamke wa taaluma husika: wanauliza swali, wanakusanya vipimo, kisha wanatafuta majibu katika takwimu zao. Msichana anayemwona mwenzake akipima kina cha maji mara ya pili kwa sababu namba ya kwanza haikumridhisha anajifunza jambo ambalo hotuba ya mshindi wa Tuzo ya Nobel haiwezi kumpa, yaani kwamba shaka ni sehemu ya kazi hiyo.

Mtandaoni hali ni ngumu zaidi. Faida yake ni kwamba mtazamaji anaweza kusimamisha video, kurudia hatua, kufanya jaribio lake na kulionyesha kwa wengine. Hasara ni kwamba mifumo ya mapendekezo humletea mtu kile alichokwisha kukitazama, hivyo msichana ambaye hajawahi kubofya video ya sayansi huenda asikutane nayo kabisa, ilhali ndiye hasa tuliyemlenga. Hapo televisheni ya umma, pamoja na uzee wake, bado ina nguvu, kwa kuwa inaweza kumkuta mtu asiyeitafuta.

Wanaopinga waeleze ni kipindi kipi cha watoto wote kilichowapa wasichana nafasi sawa ya kushika vifaa, badala ya kuwaachia kazi ya kuandika matokeo. Na watayarishaji wa vipindi hivi waseme kama wako tayari kuliacha kwenye kipindi jaribio lililoshindikana, au watalikata ili kila msichana aonekane hodari tangu dakika ya kwanza.