Mavazi ya Unguja mwaka 1897 kwa mchezo wa jukwaani: nianze na kitambaa gani?

FundiChumbageni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nashona nguo za kikundi cha maigizo hapa Tanga. Safari hii tumeletewa tamthilia inayotokea Unguja mwaka 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta utumwa. Mhusika mkuu ni mwanamke wa shamba la karafuu anayekwenda mahakamani kudai uhuru wake. Wapo pia mumewe, mwenye shamba na mkewe, karani wa mahakama na Mhindi muuza nguo. Tendo la mwisho linaruka hadi 1905 hivi, mama huyo anaishi Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, anauza vitumbua.

Mwongozaji wetu anataka wanawake wote wavae mabuibui na kanga zenye maneno, "ili watu wajue ni Unguja". Moyo wangu unasita. Nimetafuta picha za zamani mtandaoni, nazo zimenichanganya zaidi: mama kavaa vidani mpaka kifua hakionekani, halafu chini pameandikwa eti ni mtumwa. Fedha tuliyopewa haitoshi hata pazia. Nianze na kitambaa gani, na nini nisikiguse kabisa?

MzeeMkonge

Fundi, unajitesa bure. Mtazamaji wa Tanga kaja kucheka na kulia, hakuja kupima pindo. Wape kanga, wape kofia, taa zikizimwa nani atauliza?

BiKaniki

Marahaba fundi. Wewe MzeeMkonge nakuheshimu, ila hapo hapana. Mchezo wenyewe unahusu mtu kutoka utumwani, na Unguja ya wakati ule jambo hilo lilisomwa mwilini kabla mtu hajafungua kinywa. Ukiwavalisha wote sawa tangu tendo la kwanza, umemaliza hadithi kabla haijaanza.

Nimeshona nguo za jukwaani na za filamu hapa mjini miaka mingi. Nakupa ninayoyajua.

Buibui litoe. Lote. Mwaka 1897 halikuwa vazi la Unguja. Lilienea baadaye, miaka ya 1910 na 1920. Hata tendo lako la 1905 haliliruhusu. Mwongozaji akibisha mwambie mke wa mwenye shamba ana kitu cha kutisha zaidi ya buibui: barakoa. Mwanamke wa Kiarabu wa tabaka lile alivaa kanzu, suruali yenye marinda miguuni, kitambaa kichwani na barakoa usoni, na nguo zake zilikuwa za rangi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameyaeleza mavazi hayo katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, na ipo picha yake inayojulikana sana akiwa amevaa hivyo. Ianze kazi yako hapo kwa mhusika huyo. Barakoa yenyewe hukatwa kwa kadibodi nyembamba, ukaivika kitambaa cheusi na kuitia utepe wa dhahabu ukingoni. Macho yaonekane, maana mwigizaji wako bado ana kazi ya kufanya.

Sasa mhusika mkuu. Mpe kaniki. Si nyeusi ti kama ya jeneza la sinema. Ni nguo ya pamba iliyotiwa nili, buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi, na ikifuliwa sana hupauka mikunjoni na kwenye kishina cha fundo. Afunge kifuani, chini ya makwapa, ishuke hadi nusu ya muundi. Kichwa wazi. Miguu wazi. Mabega wazi pia ndivyo ilivyokuwa, lakini najua mabinti wa vikundi vyetu na wazazi wao wanaokuja kukaa safu ya mbele. Mpe kaniki ya pili aitupe mabegani anapofanya kazi. Hilo nitalisamehe. Kichwa kikifunikwa silisamehi, kwa sababu kujifunika ndiko kitu anachokwenda kukitafuta.

Kaniki bado inauzwa. Wanunuzi wake wengi ni watu wa uganga, kwa hiyo muuzaji akikutazama kwa jicho la pembeni ukinunua nyingi, nyamaza lipa ondoka. Ukikosa, nunua merikani, ile pamba isiyopaushwa, ukaitie rangi mwenyewe.

Kuhusu vipimo: zamani nguo ilipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani kama yadi 2, na doti mikono minane. Usikate nguo ya mtumwa kwa ukarimu. Shuka moja inayozunguka mwili na kubakiza kidogo tu inamfanya mwigizaji atembee hatua fupi na kushikilia fundo lake kila akiinama. Hiyo huwezi kumfundisha kwa mazoezi, nguo yenyewe itamfundisha.

Tendo la mahakamani usilipitie haraka. Amri ile haikumwacha huru kila mtu asubuhi moja. Mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba, mwenye mali alilipwa fidia, na aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe ana makazi ya kueleweka na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuingizwa, wao walingoja hadi 1909. Kwa hiyo mwanamke anayeingia pale hawezi kuja na matambara. Ningemvalisha kaniki ileile, iliyofuliwa na kukunjwa hadi mistari ya mkunjo inaonekana, na ukaya, kitambaa chembamba cheusi cha kujifunika kichwa, amekishika mkononi, hajakivaa bado. Akivae akitoka. Mwongozaji wako akiukosa uchungu hapo basi abadilishe kazi.

Tendo la 1905 ndipo kanga inapoingia, na iingie kwa kishindo. Waliokuwa watumwa waliacha kaniki, wakanunua kanga, na wakazinunua kwa ushindani. Lakini zisiwe na maneno! Kanga za mwanzo hazikuwa na maneno, na yalipoanza kuwekwa yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Kanga ya leo ukiipeleka jukwaani, mtazamaji ataacha kusikiliza, atashika kusoma. Chukua kisutu. Ni miongoni mwa michoro mikongwe, nyekundu, nyeusi na nyeupe, haina maneno mpaka leo, na duka lolote linalouza vitu vya harusi wanayo. Kama bibi wa mtu ana kisutu kilichofifia, mwombe huyo kabla hujakwenda dukani.

Na kabla hujalipa, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba huacha jivu laini na kunuka kama karatasi. Polista huyeyuka ikawa kifundo kigumu cheusi. Polista chini ya taa za jukwaa hung'aa, na mng'ao huo ndio unaofanya watu wasiojua chochote kuhusu nguo waseme "mbona kama si ya zamani".

Darizi_Langoni

Asalaam aleikum. Bi Kaniki kamaliza upande wa kina mama, mimi niongeze wanaume, maana naona wamesahaulika kama kawaida.

Mume wa mhusika akiwa mtumwa wa shamba: shuka ya merikani kiunoni, basi. Hana kofia, hana viatu. Kofia na kanzu zilikuwa za waungwana, na ndiyo maana baada ya 1897 wanaume wengi walivikimbilia hivyo kwanza. Nguo yenyewe ni ile pamba nzito isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochacha na vidoadoa vya mbegu. Ilianza kuletwa kwa wingi na wafanyabiashara wa Marekani kutoka viwanda vya Massachusetts, wakiwa na balozi wao mdogo Unguja tangu 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikavuruga biashara ile, na baadaye viwanda vya Bombay vikashika soko. Watu wa pwani walijua kuchagua: nguo iliyojazwa wanga ikawa nyepesi ikifuliwa mara moja walimrudishia mwenyewe. Kwa hiyo na wewe ifue kwanza kwa maji moto hadi wanga wote utoke, uianike juani bila kunyoosha. Ukitaka ionekane imechoka, ichovye kwenye chai ya rangi, kisha isugue magotini na makalioni kwa jiwe. Sehemu nyingine ziache. Hakuna anayechakaa mwili mzima sawasawa.

Mwenye shamba: kanzu nyeupe, kilemba, joho lenye mapambo ya dhahabu ukingoni, jambia kiunoni, makubadhi. Usimvalishe kanzu ya siku hizi yenye kola ya shati na mfuko wa zipu. Shingo ya mviringo bila kola, mshono wa darizi unaozunguka shingo na kushuka kifuani. Tafuta mzee wa kuishona kwa mkono hiyo sehemu tu, mwili wote piga mashine. Watu hutazama kifua na shingo, mshono wa ubavuni hakuna anayeuona.

Kofia: zile za kushonwa kwa mashine, zenye maua makubwa ya nyuzi zinazong'aa, ziweke kabatini. Kofia ya vito ya mkono huwa nyeupe juu ya nyeupe, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Ni ghali, najua, mimi mwenyewe nazishona na bei zangu zinaniogopesha. Azima moja kwa ajili ya karani, wengine wakae mbali na taa.

Mhindi muuza nguo asivae kanzu, nakusihi. Kama ni Mbaniani, yaani mfanyabiashara wa Kihindu, mpe dhoti, ile nguo ya Kihindi ya kupitisha katikati ya miguu, koti la pamba na kilemba chake.

FundiChumbageni

Nimeyanakili yote kwenye daftari, Mungu awalipe. Mwongozaji nimemsomea ile ya kutoka mahakamani na ukaya, akakaa kimya, kisha akasema mabuibui yaondoke. Namshukuru Bi Kaniki maana mimi nilikuwa sina la kumjibu.

Swali moja limebaki, zile picha. Kuna ambazo kanga inaonekana nyeusi kabisa na kaniki inaonekana nyepesi kuliko mlivyosema. Nifuate picha au niwafuate nyinyi? Na yule mama wa vidani?

BiKaniki

Tufuate sisi, mwanangu, na picha tutazijadili.

Sahani za kioo walizotumia wapigapicha wa wakati ule hazikuuona wekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, buluu ikatoka nyepesi. Ndiyo maana kisutu kwenye picha kinaonekana kama nguo ya msiba na kaniki inaonekana kijivu. Usichukue rangi kwenye picha hizo hata siku moja. Chukua fundo limekaa wapi, pindo limeishia wapi, nguo imelegea au imebana, mguu una kiatu au hauna. Hayo hayadanganyi sana.

Yule mama wa vidani: studio. Unguja zilikuwepo studio za watu kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na picha nyingi ziliuzwa kama kadi za posta kwa wageni wa meli. Mpigapicha alikuwa na kabati la mapambo. Ukizipanga kadi hizo mezani utakuta kidani kilekile kwenye shingo za wanawake tofauti, zulia lilelile chini, mara mtungi uleule. Maandishi ya chini aliyaweka muuza kadi, si mwenye kupigwa. Picha ninazoziamini mimi ni za barabarani na bandarini, watu wadogo wadogo nyuma ya tukio ambalo mpigapicha alikuwa anataka kulipiga. Wachukuzi, wauza maji, wanawake wanaokausha karafuu. Hao hakuna aliyewavalisha. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kimeweka mtandaoni mkusanyiko wa Winterton, picha za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960, bure kutazama. Kuza picha, angalia pembeni. Ukipata nauli ya boti, njoo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uje na kalamu ya risasi.

Kitu kimoja nilikisahau na hakigharimu chochote. Masikio. Wanawake wa wakati ule walitoboa ndewe zikapanuliwa, wakatia majasi, na mengi yalikuwa karatasi za rangi zilizoviringishwa kubana hadi zikawa kama sahani ndogo. Viringisha utepe wa karatasi ya rangi, gundi kila mzunguko, kisha ubandike kibanio cha hereni nyuma. Mpe mhusika mkuu katika tendo la 1905, mekundu na manjano. Usimpe kabla.

MzeeMkonge

Haya, nimesalimu amri. Ila huyo muuza vitumbua wa 1905 avae viatu au asivae?

Darizi_Langoni

Akiwa jikoni peku. Akitoka mlangoni kumpokea mgeni, mitalawanda, vile viatu vya mbao, na jukwaa liwe la mbao ili isikike.

FundiChumbageni

Letu ni la saruji, lakini nitatafuta mbao mbili za kuweka mlangoni. Kesho nakwenda sokoni na kiberiti.