Kijana kapiga mbizi bwawani hotelini, kaumia shingo: nani awajibike?

Swali: Ni Kenya. Mgeni wa miaka 15 aliruka kichwa mbele penye kina cha mita 1.2. Bango lasema: "Ogelea kwa hatari yako." Hoteli imenusurika?

Jibu 1: Kwa bango hilo, sioni. Sheria ya Dhima ya Wenye Eneo (Occupiers' Liability Act), Sura ya 34, inamtaka mwenye eneo achukue hadhari ili mgeni awe salama. Onyo humkinga likimwezesha mgeni kuepuka hatari yenyewe. Hapo hapakuandikwa "maji mafupi, usipige mbizi". Na sheria inamtaka ategemee watoto wawe na uangalifu mdogo kuliko watu wazima.

Jibu 2: Ndugu, piga picha leo: namba za kina ukingoni (zikiwa zimefutika, hiyo ni hoja nzito), taa, kiti cha mwokoaji. Kesho zitapakwa rangi upya! Chukua pia majina ya mashahidi.

Muulizaji: Wakisema kosa ni lake?

Jibu 1: Uzembe wake hupunguza fidia kwa kiasi cha kosa, haufuti madai. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Bwawa likiwa la serikali, miezi 12 tu. Msingoje afike 18, mzazi afungue kesi sasa.