Naomba ushauri: matembezi mepesi ya msituni na mtoni na mama, karibu na Paris

Habari zenu wakuu. Mama anakuja kunitembelea huku Ufaransa mwezi wa kumi. Ana miaka 67, mtu wa Lushoto, kwa hiyo milima si mgeni nayo, ila goti limeanza kumsumbua. Kupanda hana shida, kushuka ndiyo kazi.

Nimefikiria mji mdogo wa Moret-sur-Loing. Treni kutoka Gare de Lyon, kituo cha hapo Paris, ni chini ya saa moja, halafu mnatembea taratibu kando ya mto Loing, tambarare. Ndipo alipoishi mchoraji Alfred Sisley hadi alipofariki mwaka 1899. Michoro mama hatajali sana, lakini lile daraja la mawe atalipenda.

Shida ni msitu wa Fontainebleau, ulio jirani. Mwaka jana nilifuata alama nyeupe na nyekundu, zile za njia ndefu, nikaishia kupanda majabali kwa mikono kama nyani! Za njano kwa kawaida ni njia fupi, ila fupi si lazima iwe nyepesi.

Kuna anayejua njia ya kilomita tano au sita humo isiyo na majabali? Au niachane nao, nimpeleke bonde la Chevreuse kwa treni ya RER B hadi kituo cha Saint-Rémy? Pia, wawindaji huanza msimu wao vuli: mnajuaje siku za kuepuka? Na kupe je, bado wapo Oktoba?

Mama hakubali fimbo, anasema ni ya wazee. Hapo pia nisaidieni.